Kikopo Kisichofika Mstarini

Mpima mkojo wa hospitali alilala mahabusu, na aliyemtia huko ni Inspekta mwenyewe, tena mchana kweupe, mbele ya uwanja mzima wa wagonjwa na jamaa zao. Alimvua mkanda wa suruali pale pale kwenye dirisha lake la kupokelea vikopo, asije akajidhuru nao. Watu wakapiga makofi, kina mama wakazomea. Yule bwana alishika suruali kiunoni kwa mkono mmoja, akalifuata gari huku anatazama chini, na Inspekta akarudi kituoni kifua mbele, kama mama aliyemaliza kufagia nyumba kabla wageni hawajafika.

Asubuhi hii alikuwa amesimama mbele ya meza ya daktari, mkoba begani, na kile kifua kilikuwa kimeanza kunywea.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mafuriko yalipoingia mitaa ya bondeni, panya waliingia nayo, na maji yalipokauka ikabaki homa. Watu waliiita homa ya panya, kwa kuwa mtu huipata akikanyaga maji yaliyochanganyika na mkojo wao. Ni homa ya kichinichini. Mwenyewe unadhani unapata nafuu, kumbe inakula figo. "Na figo hailii, Afande," daktari alimwambia siku ya kwanza. Jino litakuamsha, tumbo litakukunja, lakini figo hufa imenyamaza. Uso ukishavimba, kazi imekwisha. Kwa hiyo kila mgonjwa wa homa ile alipimwa mkojo kila asubuhi, kwa kijiti chenye viraka vya rangi. Viraka vikionyesha damu au protini, ujue figo imeguswa, na hapo ndipo pa kuiwahi. Damu yao nayo ilipelekwa hospitali kuu, ila majibu yalirudi kwa mwendo wa kinyonga.

Katika nyumba moja ya bondeni waliugua wanawake wawili, wake wa ndugu wawili. Mke wa mkubwa alipimwa kila siku, na kila siku mkojo wake ulionekana safi, mpaka uso ulipovimba, akafa. Mke wa mdogo bado alikuwa wodini. Ndugu hao wakaja kituoni na habari iliyokamilika: mpimaji ana kaduka ka dawa mtaani, vijiti vizima anauza kule, hospitalini anachovya vibovu. Inspekta akaenda dukani, akavikuta vijiti. Ikamtosha. Hakuuliza mara mbili.

"Basi tuvijaribu," alisema daktari sasa. Alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya kukwaruza, na macho ya mtu asiyelala kitandani kwake. Alivitoa vijiti vile vile vya dirishani, akasema anakwenda wodi ya wanaume kuomba mkojo wa mzee mmoja ambaye figo zake zinajulikana kuwa mbovu. Kama vijiti ni vibovu, havitaona kitu.

Inspekta alimsubiri kwenye wodi ya wanawake, karibu na dirisha la mwisho. Kizingitini palianikwa vikopo vya mkojo vilivyosuuzwa, vyeupe vya kuona ndani, kila kimoja kimepigwa mstari mwekundu ubavuni. Kitanda kile ndicho cha mke wa mdogo. Alikuwa amelala ubavu, kope nzito. Kando yake alikaa mama mkwe wake, bibi mnene mpole, aliyemuuguza yule wa kwanza na sasa anamuuguza huyu. Bibi alimpisha Inspekta kiti, yeye akakaa ukingoni mwa kitanda na kuinua dumu la maji akanywa, akapumua, akanywa tena.

"Utamaliza bomba la hospitali, mama," mgonjwa alimtania, sauti yenyewe ya mbali.

"Uzee, mwanangu. Naingiza huku, natoa huku. Nimekuwa mfereji." Akajifunga khanga vizuri, akaelekea chooni.

Inspekta aliegemea kizingiti. Sisimizi wakampanda kwenye mkono wa shati. Alikuta wamejipanga mstari mrefu kutoka ufa wa ukuta mpaka kwenye kikopo kimoja, wanazunguka mdomo wake kama watu kwenye msiba. Vingine hawakuvigusa. Akawakung'uta, akasogea pembeni.

Daktari aliporudi walikwenda ofisini kwake. Akachovya kijiti. Wala haikuchukua muda: kiraka cha protini kilikolea kijani, cha damu kikaiva kama jani bichi. Akachovya kingine cha chupa ile ile, kikafanya vile vile. Akachovya cha dukani, alichokileta Inspekta, hali moja.

"Vizima," daktari alisema. "Vyote."

Inspekta alitamani meza ile iwe kubwa zaidi ili asimame nyuma yake. Aliuliza kwa kujikaza kama mtu hawezi kusoma kijiti vibaya kwa makusudi. Daktari akasema anaweza, lakini yeye mwenyewe alivitazama vya mke wa mkubwa kila asubuhi. Vilikuwa safi, na kwa usafi ule akaruhusu sindano za maumivu, dawa ambazo figo iliyojeruhiwa haitakiwi kuzionja. Alisema hivyo akiwa anapanga kalamu zake, halafu anazipangua.

"Na huyu wa sasa namchoma hizo hizo," akasema. "Kijiti cha leo nimekichovya mwenyewe, hakina damu wala protini, Afande, lakini sura yake siipendi."

Mkojo mwingine, basi. Wakaenda kumwomba mgonjwa atoe hapo hapo. Akasema hana. Alimtazama mama mkwe wake kabla ya kusema, na bibi akadakia haraka, kwamba mtoto ameshatoa asubuhi, wamwache apumzike, jioni yeye bibi atauleta mwenyewe.

Inspekta alikwenda kituoni. Njiani aliupanga msamaha wake kwa maneno mazuri, na alipofunguliwa mlango wa mahabusu maneno yote yakayeyuka. Mpimaji alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Mtaani walimwita Bwana Mstari, kwa sababu ya ule mstari mwekundu. Kikopo kisipoufika, hapokei. Watu walimwigiza hata sokoni: ukimpimia mtu mafuta pungufu, atakwambia rudisha, haujafika mstarini.

"Vijiti vyako ni vizima," Inspekta alisema.

"Nilikuwa navijua."

"Hukuniambia."

"Uliniuliza?"

Mkanda wake ulikuwa ndani ya mkoba wa Inspekta tangu jana, umeviringwa, na Inspekta aliusikia uzito wake begani kana kwamba ni wa chuma. Hakuutoa. Alichuchumaa, akamwuliza kilichomo kwenye mikojo ya wale wake wawili, kila kitu, hata kisicho na maana. Akajibiwa kwa ufupi wa mtu aliyekasirika kihalali: hakuna damu, hakuna protini. Sukari tu.

"Sukari?"

"Nyingi. Kiraka kinakuwa kahawia. Nilimwambia yule bibi dirishani, akasema ni ya kwao, ya ukoo. Sisi tulikuwa tunatafuta figo, Afande. Sukari sikuifuata."

"Ya wote wawili?"

"Wote wawili. Hata leo ungekuta hivyo hivyo."

Inspekta alibaki amechuchumaa, magoti yakimuuma. Mke wa mkubwa na mke wa mdogo wameolewa nyumba moja, lakini kila mmoja katoka kwao. Hawana bibi mmoja wala babu mmoja. Ukoo gani huo wa sukari? Akakumbuka sisimizi waliojipanga kwenye kikopo kimoja na kuviacha vingine. Akakumbuka dumu la maji.

Alisimama, akamwambia polisi wa zamu amwachie huyu mtu sasa hivi, na yeye mwenyewe atamrudisha hospitali kwa gari. Mpimaji alifuata nyuma, suruali mkononi. Safari nzima mkanda ulikaa mkobani, kwa kuwa kila Inspekta alipotaka kuutoa aliona macho ya dereva kwenye kioo.

Daktari alipoisikia habari ya sukari alimtoboa mgonjwa kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo kidogo cha sukari. Kikasoma kawaida kabisa. Mtu mwenye sukari ya kumwagika mpaka kwenye mkojo hawezi kuwa na damu ya namna hii. Daktari alikitazama kipimo, akamtazama Inspekta, na wote wawili wakajizuia kumtazama bibi.

"Mama," Inspekta akamwita, "njoo unisaidie jambo huku."

Palikuwa na chumba cha mashuka mwisho wa ukumbi, chenye harufu ya sabuni na joto la nguo zilizopigwa pasi. Inspekta alifunga mlango. Akampa bibi kigoda, yeye akakaa juu ya furushi la mashuka, chini kuliko bibi, ili asimtazame kwa juu.

"Sijaja kukukamata, mama."

"Yule ulimkamata bila kumuuliza," bibi akasema taratibu. "Mimi utaniuliza nini?"

Neno hilo lilimwingia.

"Moja tu. Kikopo cha leo asubuhi, mkojo ulikuwa wa nani?"

Bibi alivuta khanga akafunika mdomo. Halafu akaivuta zaidi, ikafunika macho. Alizungumza kutokea mle ndani, na Inspekta hakumkatiza, wala hakutoa kalamu.

Ilianza kwa mke wa mkubwa. Siku moja walikaa bafuni mpaka miguu ikafa ganzi, kikatoka kidogo tu cha chini kabisa ya kikopo, cheusi kama chai iliyochemshwa mara ya pili. Bibi akakificha chini ya khanga, akavuka uwanja mpaka dirishani. Bwana Mstari akakiinua juu kwenye mwanga, kila mtu akakiona, akapaza sauti yake ile: wewe mama, haujafika mstarini, rudisha! Mwanamke mmoja benchini akasema bibi huyu ubahili umefika mpaka kwenye mikojo. Uwanja ukacheka. Mwanawe mkubwa alikuwa amesimama pale na chakula cha mkewe mkononi, naye akageuza uso.

"Nikarudi bafuni. Mtoto akajikamua, hakuna. Akalia. Akaniambia, mama, usinirudishe kwa watu na uchafu huu, nitakufa kwa aibu." Khanga ikapanda na kushuka kwa pumzi. "Nikaumwaga. Nikajaza wangu. Kwani mkojo si mkojo? Nikapeleka, kikapokelewa, jibu likaja safi. Mkwe wangu akacheka siku ile, ndiyo mara ya kwanza tangu augue. Nikaona nimemsaidia."

"Na siku zilizofuata?"

"Ikawa hivyo."

"Na alipofariki, mama?"

"Nilisema ni homa. Nilijiambia mchana, nilijiambia usiku, ni homa tu."

Inspekta alijua swali linalofuata, na hakutaka kuliuliza. Aliliuliza kwa sauti ndogo. "Na huyu wa pili?"

Bibi aliondoa khanga usoni. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo ndilo lililomtisha Inspekta kuliko machozi.

"Wake nao ulianza kuwa mdogo, ukawa mweusi. Ningeupeleka ule wa kweli, wangeniuliza kwa nini wa mwenzake haukuwa hivi. Na wanangu wangejua. Basi kila asubuhi naingia chooni namwomba Mungu ageuze, mkojo wangu uwe wake, na wake uwe wangu."

Nje mtu alipita akiburuta mpira wa maji. Inspekta alimsubiri apite.

"Mama, ule uchache ndio ulikuwa jibu. Figo zikianza kufunga, mkojo unapungua, unakuwa mweusi. Tone lile ulilomwaga ndilo daktari alilokuwa analitafuta."

Bibi aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyekwisha kulijua hilo siku nyingi na alikuwa akimkwepa wa kumwambia.

"Wa kwanza hatumrudishi," Inspekta akaendelea. "Huyu bado yupo. Lakini nataka wa kwake, sasa, hata kama ni kijiko."

"Wanangu utawaambia?"

"Mimi sitawaambia. Lakini nikiulizwa mbele ya hakimu sitadanganya. Nimeshakosea kwa mtu mmoja, sitaki wa pili."

Wakamsaidia mgonjwa kwenda bafuni, mmoja huku, mmoja huku. Inspekta alibaki mlangoni, akasikia bibi akimbembeleza mkwe wake kwa sauti ya kumwogeshea mtoto: toa tu, mwanangu, kilichopo hicho hicho, hakuna atakayecheka. Walikaa sana. Waliporudi, chini ya kikopo palikuwa na kitu cha kufunika kitako tu, rangi ya chai nzito.

Inspekta alinyoosha mkono akibebe yeye. Bibi akakataa.

"Nilizoea kubeba vya uongo," alisema. "Hiki nitakibeba."

Na hakukifunika. Walitoka kwenye jua, bibi mbele, kikopo kimeshikwa kwa mikono miwili mbele ya kifua, afande nyuma yake. Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, uwanja umejaa. Wale ndugu wawili walikuwa wamesimama karibu na bomba, na walichokuwa wanakitazama si mama yao. Walikuwa wanalitazama dirisha. Bwana Mstari alikuwa amerudi nyuma yake, shati lile lile la jana.

"Afande," mkubwa aliita, "mwizi anafanya nini pale?"

"Si mwizi. Nilikosea."

"Unasema?"

Inspekta alikuwa ameyasema chini chini, ndiyo maana hayakusikika. Inspekta aliona joto likimpanda shingoni mpaka masikioni. Watu wa jana wengi walikuwepo, wale waliopiga makofi. Akageukia uwanja.

"Nimesema nilikosea. Mpimaji huyu hakuiba, na vijiti vyake ni vizima. Nilimkamata bila kumuuliza." Akafungua mkoba, akautoa ule mkanda, akamkabidhi dirishani mbele ya kila mtu. "Naomba radhi."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Bwana Mstari aliupokea, akautazama, akauweka mezani bila kuuvaa. Kisha akaona kikopo.

Alikichukua kutoka mikononi mwa bibi. Kwa mazoea mkono wake ulianza kukiinua kwenye mwanga, na mdomo ukafunguka. Bibi alifumba macho. Benchi zima likainua shingo, likisubiri ile sauti. Bwana Mstari alikitazama kile kidogo kilichokuwa chini, mbali kabisa na mstari wake mwekundu. Akamtazama bibi, na Inspekta akaona kitu kikimpita usoni: amekumbuka siku ile, na alichosema.

Akakishusha.

"Unatosha, mama," alisema, kwa sauti ya kusikika na watu wawili tu.

Alichovya. Kiraka cha damu kikaiva, cha protini kikakolea, na safari hii cha sukari hakikubadilika hata kidogo. Daktari, aliyekuwa amesimama nyuma ya bega lake, hakungoja mpaka mwisho. Alikimbia kuelekea wodini, na wakamsikia akiagiza sindano za maumivu zisimamishwe, gari litafutwe, hospitali kuu ipigiwe simu waandae mashine ya kusafishia damu. Alipopita tena alimshika Inspekta mkono bila kusimama. "Figo zimeumia, lakini bado zinachuja," alisema. "Nadhani tumeziwahi." Na alipofika karibu na bibi akamwinamia sikioni, kwamba mama naye aje apimwe, kisukari chake kimepanda.

Mdogo alimfuata daktari mbio. Mkubwa alibaki. Alikuwa ameelewa kitu, lakini si chote; uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu na hataki kufika mwisho wa hesabu.

"Mama, hicho kikopo ni cha nani?"

"Cha mke wa mdogo wako. Cha kweli."

"Na vile ulivyoleta siku zote?"

Inspekta alikuwa karibu vya kutosha kumjibia. Kinywa chake kilijaa maneno ya kulainisha, maneno ya daktari, maneno ya sheria. Aliyameza yote, kwa sababu hayakuwa yake.

"Vilikuwa vyangu, baba," bibi akasema. "Hata vya mkeo."

Mkubwa alisimama pale pale. Alitazama bomba, akatazama viatu vyake, akalitazama benchi lile ambalo siku ile lilicheka naye akageuza uso. Bwana Mstari alikuwa ameshakisuuza kikopo kwa haraka, kama mtu anayetafuta cha kufanya kwa mikono, akakirudisha juu ya meza ya dirisha. Mkubwa akakichukua. Inspekta alidhani atakitupa.

Akakaa nacho chini, mavumbini, miguuni pa mama yake, akaanza kuukwangua ule mstari kwa ukucha.